Kicheko cha Baba Mkwe

Kule Bokoli nilikoolewa, baba mkwe na mke wa mtoto wake hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Baba mkwe wangu alishika desturi hiyo kuliko mtu yeyote kijijini. Akitaka kupita uani kwangu alianza kukohoa tangu kwenye ua wa miti, nami nikapata nafasi ya kufunga leso vizuri na kuingia ndani. Mimi ni msichana wa Tuwan, mtaa wa Kitale, nilikulia kwenye nyumba za kupanga, ambako mkwe na mkwe hugombania choo kimoja na maisha yanaendelea. Mwanzoni nilikicheka kikohozi hicho kimoyomoyo. Baadaye nilikipenda, kwa sababu si kila mwanamke aliyeolewa hupigiwa hodi kwa heshima namna ile.

Siku moja hakukohoa. Nilikuwa nimeinama jikoni nikisonga ugali, nikaona miguu ya mwanamume mbele yangu. Alikuwa yeye. Alitia mkono wa kushoto ndani ya sufuria ya nyama iliyokuwa bado inachemka, akachota, akajaza mdomo, akachota tena kabla hajameza. Mchuzi ulimtiririka kidevuni mpaka kwenye shati.

"Baba?" nikasema.

Hakunijibu wala hakunitazama. Nyama ilipokwisha alitoka, akaenda zake kama mtu aliyekuwa akipita tu. Nilibaki nimekaa chini na mwiko mkononi. Sikuogopa kwamba angenipiga. Niliogopa kwa sababu mtu aliyekuwa amesimama mle jikoni sikumjua, na alikuwa amevaa koti la baba mkwe wangu.

Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kumsaliti mapema. Alikuwa msimamizi wa josho la ng'ombe miaka mingi, mtu wa kushika fahali kwa pembe, na sasa kikombe cha chai kilimponyoka. Misuli ya mkono ilikonda, ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Kisha ulimi ukawa mzito. Yeye alikuwa mzee wa kanisa asiyegusa pombe, lakini watu walimsikia akiburuta maneno wakasema amerudia busaa. Mama mkwe alikasirika, akawatukana majirani wawili watatu, lakini hata yeye alianza kumnusa mdomo kwa siri.

Halafu kikaja kicheko. Mara ya kwanza kilimshika kwenye maombi ya nyumbani, wakati jirani mmoja alipokuwa akilia kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa. Kilianza na bega kupanda, pumzi ikavutwa kwa nguvu, kisha kicheko kikatoka kwa sauti kubwa, hakina mwisho. Uso wake haukuwa na furaha hata kidogo. Yule jirani alinyamaza, akachukua mtoto wake akaondoka. Tangu siku hiyo hakurudi kwetu.

Mume wangu hakuwapo. Vita vya Sudan vilikuwa vimekwisha, barabara ya Juba imefunguka, na yeye alikuwa akiendesha lori la bidhaa kwenda huko. Akishavuka mpaka, simu yake haikupatikana tena hadi arudi. Kwa hiyo aliyemshika mzee mkono kumpeleka hospitali Kitale alikuwa mdogo wake, ambaye mimi nilimwita baba mdogo. Mama mkwe alibaki na ng'ombe na wanangu. Mimi nilitumwa kwa kuwa naijua Kitale na ulimi wangu hauogopi madaktari, lakini kumgusa mzee singeweza, hivyo nilitembea hatua kadhaa nyuma yao kama mtu asiye wao.

Daktari wa neva alikuwa akija pale mara moja kwa mwezi. Alimpima mzee muda mrefu, akamgonga magoti, akamtazama ulimi, akamwambia ataje wanyama wote anaowajua. Mtu aliyeishi maisha yake yote na mifugo alitaja ng'ombe, akanyamaza.

Alipomaliza, daktari alituambia tukae. Alisema neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni hadi kwenye misuli zinakufa, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Kwa wagonjwa wengine, akasema, ugonjwa huo hugusa pia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu kufanya kila linalomjia. Ndiyo maana anakula bila kungoja, ndiyo maana anaingia asipopaswa kuingia.

"Kuna mtu amemfanyia hii kitu?" baba mdogo akauliza.

"Hakuna. Ni ugonjwa."

"Na hiyo kucheka?"

"Kicheko kinamtoka bila yeye kutaka. Msimkemee, kinazidi. Mwekeni mkono mgongoni, mwambieni polepole atazame kitu kingine. Na chakula mkikate kidogo kidogo, msimwachie sufuria. Anaweza kupaliwa akafa mbele yenu."

Mimi nilikuwa na swali langu. Niliuliza kama bado anatuhurumia. Daktari alisema kwa wengine huruma inabaki ndani, ila haina njia ya kutoka. Kwa wengine nayo inapungua mpaka inakwisha. Kwa mzee wetu alikuwa bado hajui.

Tulipotoka, baba mdogo alimnunulia kaka yake ndizi, akammenyea moja moja na kumpa vipande kama alivyoambiwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Aliponigeukia sauti yake ilikuwa kavu.

"Wewe usiseme kitu kule nyumbani. Hii maneno ikitoka kwa mwanamke watasema ati umeokota kwa redio. Nitaambia ukoo mimi mwenyewe."

Nilikubali, na kwa kweli nilishukuru. Nani anataka kusimama mbele ya wazee wa ukoo akaeleza ubongo wa baba mkwe wake?

Hakuwaambia. Alingoja ukoo ukutane kwa jambo lingine ili aliseme hapo, na kabla hawajakutana tumbo lilimkata, likamlaza siku chache, likamwua. Nilipopata habari nilikuwa nachuma kunde. Sioni haya kusema kwamba kabla sijamlilia yeye nilitulilia sisi. Mtu pekee aliyesikia pamoja nami maneno ya daktari alikuwa amekufa.

Siku ya maziko nilimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mzee asicheke. Alisimama vizuri wakati wa mahubiri. Alisimama vizuri walipoteremsha jeneza. Mjane wa baba mdogo alipopiga ukemi na kutaka kujitupa kaburini, niliona bega la mzee likipanda, nikafumba macho. Kicheko kilitoka, kikapita juu ya vilio vyote. Kikaendelea. Wimbo ulikatika. Waliokuwa wamesimama karibu naye walisogea, wakamwacha peke yake ukingoni mwa kaburi la ndugu yake, kinywa wazi, akicheka. Mama mkwe alimvuta kwa mkono mpaka nyumbani.

Hapo ndipo hofu ilipoingia kwetu na kuketi.

Siku ya soko nilienda Kamukuywa kununua vitunguu, nikakuta hadithi imefika kabla yangu. Ati wale ndugu wawili walikwenda Kitale pamoja. Ati hawakwenda hospitali, walikwenda kwa mtu wa dawa za giza, na mmoja alipelekwa huko bila kujua kwamba ndiye atakayetolewa kafara. Mama aliyeniuzia vitunguu miaka yote alinirudishia chenji kwa kuiweka juu ya gunia, ili vidole vyetu visigusane. Nilitamani kumrushia vitunguu vyake usoni. Sikurusha. Nilitembea hadi nyumbani nikigeuka nyuma kila niliposikia baiskeli.

Asubuhi moja mama mkwe aliniita nyuma ya nyumba ya mzee. Mtu alikuwa amerundika mabua makavu ya mahindi ukutani, chini ya dirisha la chumba alicholala. Yalipangwa vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayejiandalia kuni. Tulijua maana yake. Mwaka uliotangulia, ng'ambo ya mto, kikongwe mmoja alichomewa ndani ya nyumba yake, na kesho yake hakuna aliyekuwa ameona chochote. Tuliyabeba yale mabua mimi na yeye, tukayatupa bondeni.

"Tumpeleke Tuwan kwa wazazi wangu," nikasema. "Leo hii. Tumfiche mpaka yaishe."

"Na siku ya kunyoa?"

Sikuwa nimeifikiria. Siku chache baada ya maziko ukoo hukusanyika, waliofiwa wakanyolewa nywele, na kabla wembe haujatoka watu huulizana waziwazi kifo kimetoka wapi. Kila mwenye neno hulisema. Kila anayesemwa hujibu.

"Yule hayuko siku hiyo ndiye amekula mtu," mama mkwe akasema. "Tukimpeleka Tuwan, hata kurudi hatarudi. Hii nyumba watachoma ikiwa tupu, na sisi tutakuwa watu ya wapi? Lazima akae pale, aonekane. Na asicheke."

Asicheke! Angesema mvua isinyeshe ningemwelewa zaidi. Pale kungekuwa na makelele na vilio, na hivyo viwili ndivyo vilivyomwamsha kicheko. Nilimfundisha mama mkwe kila nililoambiwa Kitale. Nilimwonyesha kwa kuushika mgongo wake mwenyewe: ukiona bega linapanda weka mkono hapa, katikati ya mabega, sauti iwe chini, mwonyeshe kitu cha kutazama, usimwambie nyamaza. Alirudia kama mtoto anayekariri. Kisha akanitazama.

"Mbona usishike wewe, si wewe ndiye umefunzwa?"

Mke wa mtoto hamshiki baba mkwe. Hata wembe ungekuwa shingoni mwangu.

Siku yenyewe waliketi uwanjani kwa marehemu, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na katikati pakaachwa udongo mtupu uliofagiliwa. Mzee tulimkalisha kwenye kiti ukingoni mwa wanaume, mama mkwe kwenye mkeka miguuni pake. Mimi niliketi na wanawake, nafasi tupu kulia, nafasi tupu kushoto. Vijana wa baba mdogo walikuwa wamesimama nyuma. Hawakuwa na kitu mikononi, lakini mmoja alikuwa amekuja na wenzake wa kutoka Webuye ambao sikuwahi kuwaona kwenye maziko, na hao ndio niliowaogopa.

Kijana mkubwa wa marehemu alisimama. Alikuwa mtu wa utani sana, aliniita shemeji na kuniomba chai kila alipopita. Siku hiyo hakunitazama.

"Sisi tunauliza tu. Baba yetu alienda Kitale akiwa mzima. Alienda na huyu mzee. Walienda kufanya nini huko? Na siku tunaweka yeye kwa mchanga, huyu alicheka, si wote mliona? Mtu akicheka kwa kaburi ya ndugu yake, bana, si amesema mwenyewe?"

Wanaume waliguna. Mzee mwenyewe alikuwa akitazama kuku.

Mwanamke hasemi mahali pale, lakini mumewe hakuwa na ulimi na mwanawe alikuwa Juba, hivyo mama mkwe alisimama. Ili aonekane na watu wote alipiga hatua kadhaa mbele, akaacha mkeka, akamwacha mzee peke yake. Nilitaka kumwita arudi, lakini alikuwa ameshaanza kusema.

"Huyu ni mgonjwa," akasema. "Kitale walienda hospitali. Marehemu ndiye alimshika mkono, kwa sababu alimpenda. Ugonjwa imeingia kwa misuli, na imeingia kwa kichwa. Anacheka kwa mdomo, lakini ndani analia. Mimi ndiye nimeishi na yeye. Nawaambia, ndani analia."

Alisema vizuri. Nadhani wangemsikiliza. Lakini mjane aliposikia kwamba mumewe alimshika kaka yake mkono, aliangua kilio cha kupasua moyo, na nikaona bega la baba mkwe wangu likipanda.

Kicheko kilitoka. Mama mkwe aligeuka, akawa kama aliyepigiliwa msumari. Yote aliyofunzwa yalimtoka, akapiga kelele, "Nyamaza! Nyamaza, baba, watakuua!" Kikazidi. Vijana wa nyuma walianza kuja mbele, na mmoja wa wale wa Webuye aliinama akaokota jiwe.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka ule udongo uliofagiliwa, jinsi ulivyokuwa mpana, na nyayo zangu juu yake. Nakumbuka nikiwaza kwamba jiwe likirushwa litanipata mimi kwanza, na kwamba nina watoto. Nilifika kwenye kiti nikapiga magoti. Niliweka mkono wangu mgongoni mwa baba mkwe wangu.

Nyuma yangu wanawake walivuta pumzi kwa pamoja.

Alikuwa amekonda. Chini ya koti palikuwa na mifupa na moto. "Baba," nikasema chini chini, "tazama yule kuku mwekundu. Tazama vifaranga vyake. Viko vingapi?" Kicheko kiliruka, kikakatika, kikageuka kikohozi. Mate yalimpalia, uso ukamwiva. Nilimwinamisha mbele, kichwa chake kikaja begani kwangu, nikamsugua mgongo na kumfuta kinywa kwa leso yangu mwenyewe, ile niliyojifunga. Pumzi yake ikarudi kidogo kidogo. Akatazama kuku.

Nilingoja jiwe.

Mzee wa ukoo, aliyekuwa na wembe, alikuwa mtu mkali ambaye hata watoto wake walimwogopa. Alinitazama muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimtazama mwanamume wa rika lile machoni.

"Wewe ni mke ya mtoto yake?"

"Ndiyo, baba."

"Na umemshika."

"Nimemshika."

Akawageukia vijana. "Huyu mzee mnamjua. Alikuwa anakohoa kutoka kwa barabara ndio wake za watoto wasimpate njiani. Leo mke ya mtoto anampangusa mdomo mbele ya ukoo mzima, na mzee hata hasikii aibu, anahesabu kuku. Mtu mzima wa akili angekubali hiyo? Huyu ni mgonjwa. Wewe, tupa hiyo jiwe. Leteni maji tunyoe."

Jiwe lilianguka. Kijana mkubwa wa marehemu alikaa chini, akafunika uso akalia, na watu wakamwacha alie. Walinyoa mpaka jua likawa juu.

Tuliporudi nyumbani tulimkalisha mzee uani, mama mkwe akawasha moto. Nilikuwa nimejiegemeza mlangoni, mwili umeisha. Nilitaka mtu anikumbatie aniambie tumepona. Mama mkwe alikoroga uji bila kuinua kichwa.

"Pale nimesema analia ndani. Daktari alisema hivyo?"

Ningeweza kumdanganya. "Alisema wengine wanalia ndani, mama. Na wengine huruma inakwisha. Huyu wetu alikuwa hajajua."

"Mimi najua," akasema. "Wakati nilikuwa na malaria, nilianguka hapa, hapa mlangoni. Nikamwita nikaomba maji. Aliniruka, akaenda kutafuta ndizi. Akarudi, akaniruka tena. Huyu mtu alilala chini hospitali wiki nzima nikizaa vibaya mtoto wa kwanza." Alikoroga. "Kwa hiyo kicheko siogopi. Naogopa ile siku nitalala nimekufa hapo kitandani, na yeye aniamshe ati nimpikie."

Uani, baba mkwe alikuwa ameanza kugonga kiti kwa kisigino, hivyo alivyofanya akisikia njaa.

Mama mkwe alimimina uji kwenye bakuli, akatia kijiko, akaninyoshea mimi. Nilidhani ananipa nishike tu.

"Mpelekee wewe," akasema. "Umeshamshika."

Nilielewa. Jambo nililolifanya uwanjani halikuwa na njia ya kurudi, na kuanzia sasa kila kijiko cha uji kingepita mkononi mwangu kwenda kwenye kinywa kile kisichosubiri, kooni pale palipoweza kuziba wakati wowote. Asubuhi nilikuwa nimeogopa ukoo. Hofu hii ya jikoni ilikuwa kubwa kuliko ile, na hakuna mzee wa kuja na wembe akaimaliza. Nilichukua bakuli, nikatoka uani, nikavuta kigoda karibu naye. Hakunitazama. Alifungua mdomo.